Rangi ya Kope

12 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini uko mzima na magoti yamekupa nafuu. Mimi sijambo, ila asubuhi za huku zina baridi ya kuingia mpaka kwenye mifupa. Nisalimie mdogo wangu na mkewe. Mwambie asimbebeshe mke ndoo za maji katika hali ile.

Nimepata kazi. Ningekuambia kwa simu, lakini kwenye simu hata salamu sijamaliza unaniuliza, "Chiriku, mbona sauti hiyo?" nami nakosa la kujibu. Kwenye karatasi mtu anapata nafasi ya kupumua. Nawe uniandikie, mwandiko wako naujua tangu ulipokuwa unanisahihishia imla.

Ni kiwanda cha vipodozi. Wanatengeneza mafuta ya ngozi, shampuu, rangi za mdomo, za kucha, za kope. Mimi niko kitengo cha usalama wa bidhaa. Navaa koti jeupe na viatu vya mpira. Naingia saa moja asubuhi, nawalisha, nasafisha, najaza fomu, natoka. Msimamizi wangu ni daktari, mama mmoja mtaratibu ambaye sijamsikia akipaza sauti.

Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Nikinyoosha mkono naugusa. Chumba cha pili anakaa dada muuguzi. Yeye anaingia mimi natoka, tunapeana "habari" mlangoni, basi. Tangu Jumamosi nimesema maneno kumi hivi, na manne kati ya hayo yalikuwa "samahani, hapa kuna mtu?" Wewe uliyeniita Chiriku kwa kupiga domo tangu asubuhi mpaka usingizi unichukue, ungenikuta sasa usingenijua.

Nimekutumia kikasha cha vitu walivyotugawia wafanyakazi. Kuna mafuta, shampuu na rangi ya kope.

Mwanao,
Chiriku


2 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Magoti ni yale yale, tumeshazoeana. Mke wa mdogo wako amejifungua salama, mtoto wa kike, ana nywele mpaka shingoni utadhani katoka nazo saluni. Mdogo wako anatembea huku na huku kama ndiye aliyezaa. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena. Mimi bado napinda mashuka ya lile duka, na macho yananisumbua kidogo kwenye kutunga uzi, ila nikivaa miwani nakwenda.

Kikasha nimekipata. Mafuta nimempa mzazi, shampuu nimeiweka. Ile rangi ya kope nimeitupa chooni. Usiniulize, wala usinitumie nyingine.

Nimefurahi una kazi. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale pale. Umeandika "nawalisha". Unamlisha nani kwenye kiwanda cha mafuta ya kupaka? Mashine hazili. Mimi ndiye niliyekulea tangu kaka yangu alipofariki, na wewe ukitaka kunificha jambo huwa unalipitisha katikati ya mengine, haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemwogopa.

Nijibu.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia habari za mtoto. Mbusu kwa niaba yangu. Mimi nina kikohozi kidogo tu, ni vumbi la majani makavu.

Umenishika. Ni sungura, Shangazi. Ishirini na wanne, weupe, macho mekundu, kila mmoja na namba yake sikioni. Sikukuficha kwa ubaya. Nilitafuta namna ya kukuambia isiyonitia aibu, sikuipata.

Inakuwa hivi. Sungura anatiwa kwenye sanduku jembamba lenye tundu la shingo, kichwa nje, mwili ndani, asiweze kujikuna. Daktari anavuta ngozi ya chini ya jicho la kushoto, anadondosha tone la kile kitakachouzwa. Jicho la kulia linaachwa ili tulinganishe. Mimi naangalia baada ya saa moja, baada ya siku moja, mbili, tatu, na baada ya wiki, naandika namba. Sifuri ni jicho safi. Nne ni jicho lililokufa.

Nilidhani watapiga kelele. Sungura hana kelele. Akiogopa anapiga mguu wa nyuma chini, du, du, na ndani ya lile sanduku hata huo mguu hauna pa kupiga. Majaribio yakiisha wote wanadungwa sindano, hata wale ambao macho yao ni mazima, kwa sababu hawatumiki mara mbili. Kazi ya kuwashika ni yangu. Daktari anadunga akiwa ametazama saa ya ukutani.

Kuna mmoja wa kundi jipya, ambalo halijajaribiwa bado, namba kumi na saba. Nikifungua kizimba anaweka kidevu kwenye kiwiko changu na kutulia. Wenzake wanarudi nyuma, yeye anakuja. Usinicheke, ila ndiye ninayezungumza naye. Namweleza mtoto kazaliwa, bati linavuja. Siku nzima hakuna mwingine wa kumweleza.

Nikitoka najisugua kwa sabuni mpaka ngozi inawasha, lakini kwenye basi watu wanasogea mbali nami, kama nanuka. Au nadhani wanasogea.

Niambie, Shangazi. Nafanya dhambi? Wewe ulisuka na kupamba watu miaka mingi, unazijua dawa hizi. Kuna haja kweli mnyama aumie ili kope iwe nyeusi?

Mwanao,
Chiriku


29 Machi

Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa, nisamehe. Mtoto hajambo, kaongezeka uzito. Bati limezibwa. Jirani yangu fundi viatu alianguka kwenye ngazi, sasa anatembelea mkongojo na kumlaumu aliyejenga ngazi.

Umeniuliza, nakujibu. Fanya kazi yako. Sungura ni sungura. Kama kuna jicho lazima liharibike, bora liwe la sungura. Anayesema vinginevyo hajawahi kuona jicho la mtu likiharibika.

Na usiniandikie tena habari za macho. Niandikie mengine.

Shangazi


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mpe pole fundi viatu. Huku ni salama.

Barua yako ilikuwa na mistari kumi na moja. Niliingoja siku arobaini na tatu. Kila jioni nilipita kwa mwenye nyumba kuuliza, mpaka akawa ananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo. Sikulaumu. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Umenikataza habari za macho, na mimi sina habari nyingine, kwa hiyo ukikasirika, kasirika.

Wiki tatu zilizopita tulianza kupima rangi mpya ya kope. Inakolea haraka, haitoki kwa maji, matangazo yake yameshachapwa. Siku ya pili macho kumi na tisa kati ya ishirini na manne yalikuwa yamepata ukungu, mekundu pembeni, yanatoka maji mazito. Siku ya tatu namba kumi na saba hakuja nilipofungua kizimba. Si kwamba aliniogopa. Nilisimama upande wake wa kushoto, hakuniona.

Niliandika tatu. Karibu fomu nzima, tatu, tatu, tatu. Daktari akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Hapa umeandika kwa huruma," akaniambia. "Ni wekundu wa kawaida. Andika moja."

"Daktari, tuliangalia pamoja. Hata wewe ulisema yamefunga ukungu."

"Nilisema. Sasa nasema andika moja."

"Kwa nini mimi? Si uandike wewe?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa sababu anayeangalia ni wewe. Sahihi ya kwanza ni yako, yangu inafuata. Ripoti inaondoka mwisho wa mwezi. Ukiona huwezi, niambie mapema nitafute anayeweza."

Fomu mpya iko kwenye droo yangu, tupu. Nikienda kwenye sungura inanifuata, nikirudi nyumbani inanifuata.

Shangazi, umesema bora jicho la sungura. Haya. Nimejaribu kulikubali hilo. Lakini jicho la sungura limeharibika, limetuambia kila kitu, na sisi tunataka kuandika kwamba halikusema neno. Sasa limeharibika kwa ajili ya nani?

Nikikataa, kazi sina, na nilishamwahidi mdogo wangu kwamba nitajisimamia mwenyewe. Nikikubali, sijui. Ndiyo maana nakuuliza. Sina mwingine wa kumuuliza.

Chiriku


18 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua hii nimempa kondakta wa basi mkono kwa mkono, ikufikie kabla ya mwisho wa mwezi. Nyumbani wazima wote. Salamu nyingine utapewa siku nyingine.

Ulipokuwa darasa la tano nilifunga saluni. Wewe uliuliza, nikakuambia ni mgongo. Kila aliyeuliza nilimwambia mgongo. Mgongo wangu haujawahi kuniuma, Chiriku. Hata leo hauumi.

Kulikuwa na bibi harusi. Binti wa miaka ishirini na mbili, mcheshi, aliingia saluni na kundi la shoga zake wanacheka mpaka barabarani. Nikamsuka, nikamsafisha uso. Akasema anataka kope nyeusi za kudumu, apigwe picha bila wanja kuchuruzika. Nilikuwa na rangi mpya, nimeinunua wiki ile ile. Kwenye boksi palichapwa maandishi ya dhahabu: imefanyiwa majaribio, salama kwa macho. Niliyasoma. Nilimsomea na yeye.

Nikampaka. Baada ya dakika mbili akasema, "Dada, inawasha." Nikamwambia, "Vumilia kidogo, mbona wenzako wanavumilia." Akasema tena inawasha. Nikamwambia atulie, inakaribia kukauka. Mara ya tatu hakusema, alipiga ukelele.

Nilimwosha kwa maji, nikamshika mkono mpaka hospitali. Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikupona. Nilikaa kwenye benchi la hospitali mpaka mama yake alipofika, akanitazama, nikaondoka. Sikurudi. Sijamwona tena, na anakaa mtaa wa tatu kutoka sokoni. Miaka kumi na sita nimekwenda sokoni kwa njia ya kuzunguka.

Ndiyo maana nilikujibu vile. Uliponiandikia habari za sungura, mimi nilisema moyoni, laiti wangejaribu kwa sungura mia kabla ya binti yule. Na bado nasema hivyo. Kama hakuna njia nyingine duniani, mimi nitachagua sungura, na ukinichukia kwa hilo nichukie. Lakini barua yako ya mwisho imeninyima usingizi. Kwenye lile boksi paliandikwa imejaribiwa. Sasa najiuliza kama kulikuwa na msichana kama wewe, na fomu, na droo.

Sikuambii saini wala sikuambii usisaini. Mkate ni wako. Nakuambia jambo moja tu. Mimi nilimwambia avumilie kwa sababu sikujua. Wewe unajua.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kituoni nikiwa nimesimama, mabasi mawili yakanipita. Nilikumbuka ile siku ulipoleta viti vya saluni nyumbani, mimi nikafurahi kwa sababu vinazunguka. Nilizunguka mpaka nikatapika. Wewe ulikuwa umekaa jikoni, umegeukia ukuta. Nilidhani ni mgongo.

Niliandika tatu. Nikasaini, nikatoa nakala, moja nikaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa ubora ghorofa ya juu kabla Daktari hajafika. Katibu wake alinitazama usoni, akanivutia kiti.

Nilitegemea kelele. Hakukuwa na kelele. Siku mbili hakuna aliyenisemesha. Siku ya tatu Daktari akaja chumba cha wanyama na sindano, akasema majaribio yamefungwa. Niliwashika wote ishirini na wanne. Nilimwomba aniachie namba kumi na saba, nikamwambia nitamlea chumbani, hana haja ya kuona vizuri, chumba chenyewe hakina cha kuonwa. Akasema sheria hairuhusu mnyama kutoka. Nikamshika. Aliweka kidevu pale pale. Sitaandika zaidi.

Nilipokuwa naosha vizimba, Daktari akabaki mlangoni.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Hapana."

"Ripoti yako imekataliwa. Wamesema irudiwe. Wameagiza ishirini na wanne wengine." Akageukia vizimba vitupu. "Ungeandika moja, wangekuwa wamekufa hawa tu."

Shangazi, hilo sikulifikiria. Nilifikiria mwanamke atakayejipaka, nilifikiria kibarua changu, nilifikiria wewe. Ukweli wangu umeagiza sungura wengine.

Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine kabisa. Akacheka kidogo, si kwa furaha. Akasema ipo, kuna maabara zinazootesha ngozi ya jicho ndani ya visahani vya kioo, wanadondoshea pale, hakuna anayeumia. Yeye mwenyewe aliandika ombi miaka minane iliyopita. Likajibiwa kwamba sungura wapo, wamezoeleka. "Sikuandika tena," akasema. "Ningeandika tena ningefanya nini?"

Siku ya pili yake niliacha kazi. Kufukuzwa sikufukuzwa. Nilikwenda tu, nikaweka koti na viatu mezani. Wale wengine sitaweza kuwashika. Sasa nafua na kupiga pasi kwa mama mmoja dobi, mtaa wa pili. Kuna joto na hakuna anayenitazama. Jirani muuguzi aliniona mchana nyumbani, akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana. Nilitaka kumwambia mengi, lakini alikuwa amechoka, na mimi nimesahau namna ya kuanza.

Mwanao,
Chiriku


14 Juni

Chiriku wangu,

Marahaba, mama. Mtoto ameota jino moja la chini, anamng'ata nalo baba yake. Fundi viatu ameacha mkongojo.

Nimekwenda. Jumanne asubuhi, kwa njia fupi.

Yule binti ana duka dogo la vitambaa mbele ya nyumba. Nilimjua kabla hajageuka. Ana watoto watatu. Yule bwana alimwoa hivyo hivyo, mwezi mmoja baadaye. Nikasimama mlangoni na pochi yangu kama mteja. Akageuka, akanitazama kwa lile jicho moja, muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

"Nimezeeka."

"Umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, Chiriku. Yote yakatoweka. Nikasema, "Kwa ajili yangu."

"Angalau husemi uongo. Kaa."

Nikakaa kwenye stuli. Akaendelea kupima kitambaa cha mteja, akakikata, akakifunga. Mteja alipoondoka akasema, "Jicho nimelizoea. Hata kushona nashona. Lakini siku ile ulinishika mkono kutoka saluni mpaka hospitali, nikawa najiambia, huyu dada hataniacha. Nilipoamka nikauliza, yule dada yuko wapi? Nikakungoja mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikaacha kungoja."

Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza. Nikamweleza habari zako, sungura, fomu, zile tatu ulizoandika. Alisikiliza akiwa amesimama, mkasi mkononi. Akauliza, "Huyo binti yuko peke yake huko?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Asikae peke yake na jambo kama hilo. Mimi nilikaa."

Basi ndiyo maana nakuandikia. Chumba chako kipo. Mashuka ya kupinda yapo zaidi ya nguvu zangu. Sikulazimishi.

Na kuhusu wale ishirini na wanne wa pili: usiubebe mzigo huo peke yako. Hukuwaagiza wewe. Wameagizwa na waliotaka kusikia moja.

Shangazi yako


2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimeiweka barua yako chini ya mto. Msalimie mama wa vitambaa, kama mtaonana tena. Natumaini mtaonana.

Jumapili mtu aligonga mlango. Nilidhani ni mwenye nyumba. Alikuwa Daktari, amevaa gauni la maua, sikumtambua mara moja bila koti. Sijui anwani aliipataje. Sina kiti, akakaa kitandani. Nikampa maji.

"Wamemaliza marudio," akasema.

"Imekuwaje?"

"Msichana waliyemweka badala yako aliniuliza aandike nini. Nikamwambia fomu niijaze mimi." Akanywa maji yote. "Nimeandika tatu. Ile rangi wameifuta. Mabango yote yametupwa."

Nikamuuliza, "Na nani aliwashika?"

"Mimi. Yule binti alikuwa analia." Kisha akaangalia mikono yake. "Miaka kumi na tisa nadunga, Chiriku. Sikuwa najua wana joto kiasi kile."

Kule kazini hakuwahi kuniita Chiriku. Labda alilisikia siku moja nikizungumza na namba kumi na saba. Alikaa saa nzima. Alisema ameandika lile ombi upya, la visahani vya kioo, na kwamba pengine litakaa kwenye droo ya mtu. Alipotaka kuondoka alisimama mlangoni kama aliyesahau kitu, akaniambia ana nyumba ya vyumba vinne na hajui avifanyie nini. Kisha akashuka ngazi.

Nimefikiri sana juu ya hilo la kuchagua sungura, Shangazi. Bado hatukubaliani, na sidhani kama tutakubaliana. Wewe unamwona binti akipiga ukelele, mimi nawaona wasioweza kupiga ukelele. Tutabishana vizuri tukiwa mezani.

Ninachokifikiria zaidi ni hiki. Mahali fulani yupo mwanamke ambaye angeinunua ile rangi. Atanunua nyingine, atajitazama kwenye kioo kwa macho yote mawili, atakwenda zake. Hatajua kwamba kulikuwa na kitu. Wale arobaini na wanane hakuna atakayewataja, labda Daktari, labda mimi, labda wewe sasa. Nilipokuwa napiga pasi nilihesabu tuko watu wangapi tunaojua. Hatufiki hata kumi.

Nimemuaga mama dobi. Dada muuguzi nimemgongea mlango jana mchana, nikamwambia ninahama, na kwamba miezi sita yote nilitaka kumkaribisha chai nikaona haya. Akasema, "Hata mimi." Tukacheka, kisha akachukua mkoba wake, maana saa yake ya kazi ilikuwa imefika.

Basi linaondoka Alhamisi alfajiri, linafika huko jioni. Usije kituoni na magoti hayo. Acha mlango bila komeo tu, nitaingia mwenyewe.

Mwanao,
Chiriku